Hirizi ya Wasomi

Jumatatu, 23 Machi. Kibamba

Tangu leo sauti yangu haikai kinywani mwangu peke yake.

Tumeirekodi karakana, Manzese, juu ya duka la magodoro. Chini mafundi wa mageti walikuwa wanakata vyuma, kwa hiyo Kaka Jonas, mkuu wangu wa kazi, alinifunika blanketi mpaka miguuni, akanipa kinasa sauti nikishike humo gizani. Nilitokwa jasho kama anayejifukiza. Nilisoma sentensi nne, tena na tena, mpaka fundi mmoja chini akapaza sauti: "Oyaa, huko juu mnamfukiza nani?"

Mkanda wetu ni wa kitambaa laini, una kiboksi kidogo kuliko kiberiti. Mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, anafungwa kifuani siku anaporuhusiwa kutoka hospitali, maana wodi hazina nafasi ya kumweka hadi anenepe, na nyumbani hakuna anayeweza kumwangalia kila dakika. Mkanda unapima joto na pumzi zake, kisha unasema. Ule wa mwanzo ulikuwa unalia kama simu. Mama mmoja aliitafuta simu yake chumba kizima huku mtoto anachemka kwa homa. Ndipo Jonas akaamua kwamba mkanda useme Kiswahili.

"Mtoto yuko salama." "Mtoto ana homa." "Mtoto hapumui vizuri." "Mtoto amepoa."

Ya mwisho tuliijadili. Jonas aliuliza kama "amepoa" inatosha, au tuseme "joto la mwili limeshuka". Nikamwambia hayo ni maneno ya kitabuni. Mama aliyechoka anataka neno moja. Chai hupoa, uji hupoa, mtoto aliyeingiwa na baridi amepoa. Aliyarudia maneno yale kwa midomo tu, bila sauti, kisha akainamisha kichwa kukubali. Jonas hasifu mtu. Ukimwona ameinamisha kichwa, jua umepewa cheti.

Nimerudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia. Ndiyo maana naandika.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Nguo nilizofua juzi zinanuka ubichi.

Jumamosi, 28 Machi

Mkanda wa kwanza wenye sauti umepata mwenyewe. Anaitwa Salma, hajafika kilo mbili, ana masikio membamba kama ganda la kitunguu.

Nilikwenda na Sista Tupokigwe, muuguzi wa wodi ya njiti anayewafuatilia watoto majumbani. Ni Mnyakyusa mrefu, na kicheko chake huingia nyumbani kwa watu kabla yake. Nyumba iko Manzese bondeni, nyuma ya wauza mitumba. Mama wa mtoto ni Mwajabu, msusi, binti ambaye bado ana uso wa shule. Amekuja kwa mama yake kukaa arobaini. Mumewe, Mwishehe, anatengeneza makochi barabara ya juu, na kila jioni huja kusimama mlangoni kama mgeni.

Mwenye nyumba ni mama yake Mwajabu, Bi Raudha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Viatu acheni hapo hapo, huku ndani mna mgeni mdogo."

Niliutoa mkanda, nikaanza maelezo niliyoyaandaa. Bi Raudha aliuchukua, akaugeuza, akakibonyeza kiboksi kwa kidole gumba.

"Hirizi hii."

"Si hirizi, mama. Ni kifaa cha—"

"Anafungwa mtoto?"

"Ndiyo."

"Kinamlinda?"

"Ndiyo, lakini—"

"Na humu ndani mna maandishi, wewe unayajua, mie siyajui?"

Nikaifikiria programu niliyoiandika miezi mitano. "Ndiyo, mama."

"Basi ni hirizi. Hirizi ya wasomi." Akamrudishia Mwajabu. "Mfunge."

Sista Tupokigwe alicheka hadi akashika mlango. Mkanda ulipowaka ukasema kwa sauti yangu, "Mtoto yuko salama," Mwajabu akanitumbulia macho.

"He! Kumbe ni wewe, dada?"

"Ni mimi."

"Wa wapi wewe?" akauliza Bi Raudha.

"Bukoba, mama."

"Nilijua tu. Nyie Wahaya bwana, mpaka hirizi yenu inaongea kwa mapozi."

Nilicheka pamoja nao, lakini njiani niliudhika. Sikusoma miaka yote ile ili kazi yangu iitwe hirizi. Sista akaniambia, "Mdogo wangu, umeingia nyumba ngapi ukafungiwa mlango? Huyu kifaa chako kakifunga. Wewe shukuru."

Jambo moja sitaki kulisahau. Wakati wote ule Mwajabu alikuwa amemweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya kanga iliyobanwa vizuri, kama walivyomfundisha wodini. Na mikono yake ilikuwa inamsuka jirani yeboyebo. Hakuna kidole kilichokosea, na mtoto hakushtuka hata mara moja.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Barabara ya kwetu imekuwa mto mwekundu. Nimevaa viatu vya mvua, nikabeba vya ofisini kwenye mfuko.

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka

Misa ya pili. Kanisani kila mtoto aliyekohoa nilimgeukia.

Nafikiri kuna kitu hakiko sawa kwangu. Nimefunga mikanda kumi na miwili katika nyumba kumi na mbili, Manzese, Mbagala, hapa Kibamba, hata mmoja Msasani. Usiku nikilala najua kwamba mahali fulani nasema. Nasema bila kujua ninamwambia nani. Mama yangu alipiga kutoka nyumbani kunitakia heri ya Pasaka, akauliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia nina watoto kumi na wawili. Akauliza wa nani, nikalazimika kumweleza.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimegombana na Bi Raudha. Nilikuta chumba kimejaa moshi wa udi.

"Mama, moshi si mzuri kwa mapafu yake. Bado hayajakomaa."

"Udi wa kufukuza mbu na harufu ya unyevu. Wewe unataka mtoto anuke ukungu?"

"Tutafute njia nyingine, mama."

"Tafuteni. Nyie si ndio wenye njia."

Hata hivyo alikitoa chetezo, akakiweka uani kwenye mvua, akarudi na kununa. Mwajabu alinikonyeza. Salma alikuwa ameshiba, macho nusu wazi, mikono imelegea juu ya titi la mama yake. Bi Raudha alipomwona hasira yote ilimtoka.

"Mwone alivyopoa. Mtoto kapoa kama babu yake, yule hata ukimwibia kuku anakuaga."

Nimeandika maneno yake kwa sababu yalinichekesha. Lakini nikisema kweli, ninamwona kuwa ndiye hatari kubwa kuliko zote ndani ya nyumba ile. Mwajabu anasikiliza. Mama yake anajibu.

Jumanne, 14 Aprili

Nimechelewa, nimelowa, sijala. Jonas amenipa nusu ya chapati yake bila kuniangalia.

Ijumaa, 17 Aprili

Naandika kwa hasira, na sitafuta.

Jana mvua ilipiga siku nzima, mtandao ukakatika Manzese yote. Leo asubuhi uliporudi, taarifa ambazo mikanda hututumia karakana ziliingia kwa mkupuo. Nilifungua ya Salma kwa mazoea tu, kama mtu anavyofungua dirisha. Joto lake lilikuwa limeshuka jana mchana, likaendelea kushuka kama maji kwenye ngazi. Na mkanda ulisema. Ulisema, ukanyamaza, ukasema, ukanyamaza, ukasema. Kila mara sauti yangu. Kila mara hakuna aliyefanya kitu.

Nilimpigia Sista Tupokigwe papo hapo. Akaniambia kwamba mtoto yuko hai, amerudishwa wodini tangu jana jioni. Mwajabu alikuwa ameingia kuoga. Bibi ndiye aliyekuwa na mtoto.

"Alikuwepo? Chumbani?"

"Alikuwepo."

"Na mkanda ukasema?"

"Tekla, njoo kesho umwone mtoto. Mengine tutaongea."

Nilimwonyesha Jonas mstari ule wa joto. Nikamwambia kifaa kimefanya kazi yake yote, walioshindwa ni watu. Nilisema zaidi ya hapo. Nilisema kuna watu ambao hata ukiwapa macho ya ziada watayafumba. Jonas aliufuata mstari kwa kidole hadi mwisho.

"Umemuuliza?" akasema.

"Nani?"

"Huyo bibi."

Nimekuja nyumbani kwa miguu kutoka kituoni. Sikufungua mwavuli. Ninajua nitakachomwambia Bi Raudha, nimekipanga neno kwa neno.

Jumamosi, 18 Aprili

Sikusema hata neno moja kati ya yale.

Nilimkuta kwenye benchi nje ya wodi, amejifunga kanga mbili, miguu yake imevimba. Nikamwamkia. Aliitikia bila kuinua uso. Nikakaa. Nilikuwa najiandaa kuanza, yeye akaanza.

"Mtoto alilia tangu alfajiri. Analia, anajikunja, mie nikasema homa hiyo inakuja. Bati linavuja, godoro limelowa upande mmoja, Mwajabu mwenyewe ziwa limemuuma hajalala. Nikamwambia nipe mtoto, nenda kaoge maji ya moto, unyooshe mwili. Nikamlaza pale pakavu, nikamfunika. Mara akanyamaza. Akatulia tuli. Nikawa naogopa kumsogelea. Mara hirizi yenu ikasema."

"Ikasemaje, mama?"

"Si ikasema amepoa! 'Mtoto amepoa.' Nikasema Alhamdulillah. Ikarudia. Nikasema Alhamdulillah. Nikawafukuza watoto wa jirani mlangoni, nikawaambia msipige kelele, mtoto kapoa, mwacheni alale."

Nikairudia sentensi ile kwa midomo tu.

Akaendelea, taratibu sasa. "Mie nilizaa sita. Wa tatu alishikwa na homa, ana miezi miwili. Kutwa nzima nilimkanda kwa kitambaa cha maji. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu. Ee Mola, apoe. Apoe tu. Hakupoa." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Basi juzi niliposikia kapoa, mwanangu, nililia kwa furaha. Nililia, na mtoto anaganda pembeni yangu."

Nilijaribu kusema kitu, sauti haikutoka. Sauti yangu! Ile inayosema yenyewe katika nyumba kumi na mbili.

Mwajabu ndiye aliyemwokoa mtoto, na wala si kwa kusikia. Ni kwa mazoea. Alinisimulia wodini, Salma akiwa kifuani mwake, kofia ya sufu imemfika puani. Alisema anapotoka kuoga haangalii kwanza, anambeba kwanza. "Nikamchukua nikamweka kifuani, nikaona kama nimejiwekea samaki wa barafu. Nikapiga kelele. Mama akaja, akanikumbatia kwa mbele, mtoto katikati, tukajifunga na blanketi moja hivyo hivyo. Mwishehe akaleta bajaji. Bajaji yenyewe maji yanaingia miguuni, sie tumefungwa kama mzigo, watu wanatushangaa. Dada Tekla, hadi tunafika hapa mama hakuniachia. Daktari alimwambia mama achia, akasema nikiachia mie akaganda tena, mtaniambia nini?"

Na mimi wiki iliyopita nilimwita hatari.

Kutoka hospitali nilikwenda moja kwa moja karakana. Jonas hupenda kufanya kazi Jumamosi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maji yakichuruzika kwenye sakafu. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mambo?"

Nikajibu bila kufikiri. "Poa."

Akainuka, akachukua koti lake la mvua.

Jumapili, 19 Aprili

Sikwenda misani. Mungu anajua nilikuwa wapi.

Mikanda haiwezi kubadilishwa ikiwa mbali, lazima ishikwe kwa mkono. Kwa hiyo tumegawana nyumba. Jonas alichukua za Mbagala kwa bodaboda, kwenye mvua, mtu wa zaidi ya miaka hamsini ambaye goti lake moja halikunjiki. Mimi nikachukua Manzese, Msasani na huku kwetu. Tulikubaliana tutanyamazisha sentensi ile, na tutamweleza kila mama ukweli kwamba neno letu lilikosea, si yeye.

Kibamba, mama mmoja wa Kichaga alinisikiliza hadi mwisho, mwiko mkononi. "Kwani hakikuwa kinasema mtoto yuko poa? Mie kikisemaga hivyo naenda zangu kupika." Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaweka mwiko chini, akaenda kumshika mtoto wake miguu.

Usiku nimelifikiria neno hili hadi nimechoka. Katika jiji hili la joto kila jema hupoa. Soda hupoa, hasira hupoa, homa hupoa, moyo hupoa, na mtu akikuuliza hali unamjibu kwamba umepoa hata kama umevunjika mguu. Mtoto mtulivu amepoa. Na mtoto anayekufa kwa baridi huwa mtulivu sana. Niliwaza chai na uji. Sikuwaza mama aliyekanda homa kwa kitambaa.

Jumanne, 21 Aprili

Daktari wa wodi alitaka maelezo ya maandishi. Jonas ameyaandika mwenyewe. Ameandika kwamba kifaa kilishindwa.

Nilimwambia, "Lakini kilipima sawasawa. Kila kipimo ni sahihi."

"Kupima si kazi yake, Tekla. Kazi yake ni mtoto abebwe."

"Neno lilikuwa langu. Andika jina langu."

"Nililirudia mdomoni nikalikubali. Na mimi nimezaliwa Temeke, poa ndiyo salamu ya kwetu." Akatia sahihi. "Kalehemu ile saketi, inasubiri."

Nimefanya kazi naye miaka miwili nikidhani ni mtu baridi. Hata hilo neno nalo nililitumia vibaya.

Ijumaa, 24 Aprili

Salma amenyonya mwenyewe. Sista amepiga simu kuniambia, akanicheka kwa sababu nimelia.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimekaa wodini mchana mzima nikimtazama Mwajabu. Nilisema nimekwenda kuangalia mkanda, lakini mkanda ulikuwa mzima.

Analala ameegemea mito, nusu ameketi, kwa sababu mtoto yuko kifuani. Anakula hivyo hivyo. Anakwenda chooni akimpa bibi, na bibi anafungua vifungo vya gauni lake palepale bila haya, anampokea ngozi kwa ngozi, kisha wanabadilishana tena kama watu wanaopokezana moto kigaeni. Mwishehe akija jioni naye hufungua shati. Siku ya kwanza aliona aibu, Sista Tupokigwe akamwambia mbele ya wodi nzima: "Shemeji, kifua umepewa cha nini, cha kupigia picha?" Sasa anaingia akiwa ameshafungua vifungo viwili.

Nilimuuliza Mwajabu kama hachoki.

"Nachoka, dada. Mgongo wote huu si wangu tena." Akafikiri. "Lakini kusuka kumenifundisha. Ukiangalia kichwa kizima unakata tamaa. Mie naangaliaga mstari huu tu."

Nikamweleza kwamba natafuta sentensi mpya. Akasema, "Kwani lazima kitoe habari? Mama angeniona mie nimemlaza mtoto chini palipo baridi, asingetoa habari. Angenifokea."

Nimelitafakari hilo njia nzima ya kurudi. Sentensi zangu zote nne zilikuwa habari. Nilikuwa nasoma taarifa ya habari kwa watu waliokuwa wanahitaji kushikwa mkono.

Jumapili, 3 Mei

Leo nimecheka kuliko nilivyocheka mwaka huu wote.

Nilimwomba Bi Raudha atupe sauti yake. Alikataa kwanza. Akasema sauti ya mtu haifungwi kwenye kiboksi, akifa itabaki inahangaika. Nikamwambia yangu imo humo na bado nipo. Akasema, "Ndiyo maana umekonda." Lakini jana aliniita mwenyewe. "Nimefikiri. Kama sauti yako ilinidanganya, yangu haitadanganya. Nitakuja."

Alikuja karakana na Mwajabu, baada ya kumwachia Mwishehe mtoto wodini. Jonas akatandaza blanketi lile.

"Mnataka kunifukiza?"

"Ni kwa ajili ya kelele, mama."

"Toeni hilo. Mie kelele za Manzese zinanijua."

Tulimpa kinasa sauti. Akajikohoza, akanyoosha mgongo, akasema kwa adabu kama anayesoma risala: "Tafadhali, mweke mtoto kifuani." Jonas akasema ni nzuri. Mwajabu akasema, "Mama, huyo si wewe. Huyo ni dada Tekla."

Akajaribu tena, na tena. Kila mara ilitoka risala. Mwishowe Mwajabu akachukua kanga, akaikunja ikawa kama kichanga, akaibeba akizunguka karakana, kisha bila kusema kitu akailaza juu ya meza ya chuma, kando ya nyaya, akageuka kuondoka.

"We! Mwajabu!" Bi Raudha alipaza sauti hadi nikaruka. "Mtoto huyo baridi! Mweke kifuani, haraka!"

Chini msumeno ukanyamaza. Sauti ya fundi ikapanda: "Anawekwa mama, anawekwa! Samahani!"

Hatukurekodi tena. Tuliondoa jina la Mwajabu tu, mengine yakabaki yalivyo, hata ile "We!" Jonas aliisikiliza mara moja. Safari hii hakuinamisha kichwa. Alisema, "Asante, mama." Sijawahi kumsikia akisema hivyo kwa mtu yeyote katika kazi.

Jumanne, 12 Mei

Mikanda yote imepata sauti mpya; sentensi za homa na pumzi Bi Raudha alikuja kuzifokea baadaye, imebaki moja tu yangu. Mama wa Msasani anasema mume wake sasa anaamka kabla yake, kwa woga.

Jumatano, 20 Mei

Salma ameruhusiwa kurudi nyumbani. Mvua zinapungua, leo jua lilitoka, likajuta, likarudi ndani.

Arobaini ilishapita akiwa wodini, majirani wakawa wanauliza lini mtoto atatolewa nje. Bi Raudha akawajibu: "Huyu arobaini yake haihesabiwi kwa siku. Inahesabiwa kwa mizani. Akifika kilo mbili na nusu mtamwona." Nikamtazama Sista Tupokigwe. Sista akanong'ona, "Mimi nisingeisema vizuri zaidi."

Mwajabu amenihadithia kwamba juzi wodini, mkanda wa mtoto wa kitanda cha jirani, aliyekuwa amefungwa tayari kwa kuruhusiwa, ulifoka kwa sauti ya Bi Raudha. Mama wa kitanda kile alimbeba mtoto wake. Na mama wa kitanda cha pili, ambaye hana mkanda, akambeba wake pia.

Jumamosi, 30 Mei

Kilo mbili na nusu na kidogo.

Walimtoa asubuhi, jua likiwa bado laini. Si shughuli kubwa, sinia la vitumbua na chai ya tangawizi, majirani, watoto waliooshwa nyuso kwa nguvu. Bati limebadilishwa upande uliokuwa unavuja. Mwishehe amelipigilia mwenyewe. Ndiye aliyembeba Salma kuvuka kizingiti. Mtoto alikunja uso kwa mwanga, akapiga chafya, akaanza kulia kilio kinene cha mtu mwenye madai.

"Mwacheni alie," akasema Bi Raudha. "Leo sitaki apoe."

Alicheka yeye wa kwanza. Nilimwona akinitazama aone kama nimecheka, ndipo nikacheka.

Kisha akakaa kwenye mkeka, akamfungua Salma mkanda kwa vidole vile vizito, akaufuta kwa ncha ya kanga, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilitaka kumwambia abaki nao kama kumbukumbu. Nilishaongea na Jonas, alikubali.

"Hapana, mwanangu. Hirizi haikai kwa aliyepona. Mpelekee mwingine." Akanifunga vidole vyangu juu yake. "Umwambie tu huyo mwingine kwamba humo ndani kuna mtu mkali."

Mwajabu aliniita tulipokuwa tunaagana. Akaniweka Salma mikononi. Ni mara ya kwanza kumbeba. Nilipima joto lake, pumzi zake, bila kutaka. Kazi imeniingia mwilini. Kisha nikaacha kupima.

Jumatatu, 1 Juni

Hakuna mvua. Vumbi la kwanza limerudi kwenye ngazi za karakana.

Nimeuosha mkanda wa Salma, nikaujaza chaji, nikauwasha kuujaribu kipimo cha joto tu kabla haujaenda kwa mtoto wa Mbagala atakayeruhusiwa kesho. Nikauacha mezani, nikaenda dirishani kutafuta bisibisi. Meza ile ni ya chuma. Haukupita muda mrefu:

"We! Mtoto huyo baridi! Mweke kifuani, haraka!"

Jonas alikuwa ameinamia saketi, lehemu inafuka mkono wa kulia, macho hayabanduki kwenye kazi. Mkono wake wa kushoto ukanyooka wenyewe, ukapapasa meza, ukaushika mkanda, ukautia ndani ya shati lake, upande wa moyo, ukatulia hapo juu yake. Aliendelea kulehemu.

Nilisimama na bisibisi yangu. Baada ya muda, kutoka ndani ya shati lake, sentensi pekee yenye sauti yangu iliyobaki kwenye mkanda ikasema kwamba mtoto yuko salama.